Nilimpeleka mke wangu kulenga shabaha hapa Texas, kidole changu kwenye tablet nusura kimrudishe kwao

Wakuu, salaam kwenu popote mlipo.

Mimi humu ni msomaji wa kimya, miaka sasa. Napita, nacheka, naondoka. Leo nimeingia na langu, na naliandika kama lilivyotokea, hata pale ninapoonekana mjinga. Nimebadilisha majina tu. Anayeona hii ni chai, yaani nimetunga, vikombe viko kabatini, ajihudumie.

Nijitambulishe kidogo ili msipotee.

Mimi ni Mtanzania, kwetu Upareni, naishi Grand Prairie, hapa katikati ya Dallas na Fort Worth. Napiga kazi warehouse, shift ya asubuhi. Uraia wa hapa nilishapata.

Mke wangu ni Mkenya, Mkamba wa Machakos. Nitamwita Mumbua. Alikuja kwa visa ya mwanafunzi kusomea nursing, tukakutana kanisani, tukaoana. Baada ya ndoa tukapeleka maombi yake ya green card kwa kupitia uraia wangu. Wakati haya yanatokea tulikuwa tunasubiri tarehe ya interview ya uhamiaji.

Shikeni hilo la visa ya mwanafunzi. Uzi wote umekaa hapo.

Kitu cha pili cha kujua: mimi ni mjaza fomu.

Wale mlio ughaibuni mnamjua huyu mtu. Kila jumuiya ina mmoja. Ibada ikiisha watu hawaniulizi habari za wiki, wananipa bahasha. Fomu ya shule ya mtoto, bima, mkataba wa apartment, barua ya hospitali. Nawajazia nikiwa nimesimama parking, karatasi juu ya boneti. Warundi jirani zangu wananiita "mwalimu". Nilikuwa napenda sana hiyo sifa, sitawadanganya.

Na ukijaza fomu nyingi hivyo, unaacha kuzisoma. Jicho linajua sanduku liko wapi, kidole kinatangulia.

Sasa shabaha.

Baada ya form six nilipita mafunzo ya jeshi ya mujibu wa sheria. Miezi mitatu ya kuamshwa alfajiri na kuimba mchakamchaka. Siku tuliyopelekwa kulenga shabaha ndiyo siku pekee niliyofurahi. Nililala kifudifudi, nikapiga risasi zangu chache, afande akanipita bila kunitukana. Kwa mafunzo yale hiyo ilikuwa medali.

Nilipofika Texas nikakuta shabaha ni mchezo kama bowling. Unaingia range, unalipa lane, yaani nafasi yako ya kupigia, unakodi bastola, unavaa vifunika masikio na miwani, unapiga karatasi yako, unarudi nyumbani kula ugali. Jamaa mmoja wa kazini alinipeleka mara moja tu, basi, ikawa kila Jumamosi.

Mumbua sikumwambia. Nilisema naenda kuosha gari.

Wakuu, gari haliwezi kuoshwa kwa saa tatu nzima kila Jumamosi. Na mimi nikirudi naenda moja kwa moja kufua shati langu. Mwanaume aliyeoa, anafua shati mwenyewe, Jumamosi mchana. Nilikuwa najichimbia.

Siku moja akanisubiri mlangoni, mikono kiunoni. "Wewe Mtanzania," akasema. Akikasirika ndivyo anavyoniita. "Usinibebe ujinga. Huyo mwanamke wako anatumia perfume gani inanuka kiberiti?"

Nikamwambia ukweli. Akakaa chini akacheka mpaka machozi. Alipomaliza akasema, "Sasa si unipeleke nione."

Nikasema Jumamosi ijayo.

Hiyo wiki nilimfundisha nyumbani na rimoti ya TV. Jinsi ya kusimama, jinsi ya kushika kwa mikono miwili, jinsi ya kupumua. Na sheria moja nilimwimbisha kama afande: kidole hakigusi trigger mpaka umeona kilicho mbele yako na umeamua. Akawa anairudia akipika, akipiga mswaki, kwa kunitania. "Kidole nje, afande."

Ikumbukeni na hiyo.

Jumamosi ikafika. Range iko upande wa Fort Worth. Kulikuwa na foleni, maana hali ya hewa ilikuwa mbaya na watu wote walitaka michezo ya ndani. Kaunta wanakupa tablet, kila mtu anajaza fomu yake ya kujiunga, jina, email, umri, na maswali kadhaa ya ndiyo na hapana. Unaweka sahihi kwa kidole chini.

Mumbua akaishika tablet yake akaanza kusoma kuanzia juu. Mstari wa kwanza. Wa pili. Anasoma kama mtu wa mtihani.

Nyuma yetu watu wanasogea sogea. Kaka wa kaunta, mmoja mwenye ndevu nyekundu, ameegemea anatungoja. Nikaona aibu. Mimi, mjaza fomu mkuu, mke wangu anachelewesha foleni?

Nikaichukua ile tablet mkononi mwake. "Lete, mama, hizi nazijua."

Tap, tap, tap. Kama nilivyojaza yangu. Nikamrudishia. "Weka sahihi hapa."

Akaweka.

Haikuchukua hata dakika. Nilijisikia mwanaume.

Ndani akaogopa. Mlio wa kwanza wa lane ya jirani ulimfanya anishike shati kwa nyuma. Nikamwambia tukitoka sasa hivi hakuna atakayejua. Akatikisa kichwa. Akasogea mbele, akasimama kama nilivyomfundisha, akaweka kidole nje ya trigger muda mrefu mpaka nikadhani ameganda.

Akapiga. Akapiga tena.

Tulipoivuta ile karatasi, risasi kumi, saba zilikuwa ndani ya duara jeusi. Zangu, kwa umbali uleule, zilikuwa nne. Naweka hapa rekodi ili asije akaniandikia kwenye comments.

Tulipotoka nje uso wake ulikuwa umefunguka. Mnajua mwanafunzi wa nursing anavyochoka. Mnajua pia mtu anayesubiri karatasi anavyoishi, kila bahasha ya serikali kwenye sanduku la posta moyo unaruka. Sikuwa nimemwona vile tangu harusi yetu.

Tukiwa kwenye gari akasema, "Unajua hii ndio place ya kwanza America nimeingia na hakuna mtu ameniuliza mimi ni wa wapi na nitakaa mpaka lini?"

Nikacheka. Nikamwambia karibu Texas.

Ile karatasi akaibandika kwenye friji. Akanunua vifunika masikio vyake mwenyewe, vya kijani. Jumamosi iliyofuata tukaenda tena, na iliyofuata. Mara tatu jumla.

Kisha barua ya interview ikaja. Wiki tano mbele.

Siku mbili baada ya barua, kazini, nimekaa breakroom, chumba cha mapumziko, na jamaa mmoja Mrundi. Nimwite Deo. Alikulia kambi ya wakimbizi Tanzania, Kiswahili chake kama changu. Nikawa najisifia mke wangu, namwonyesha picha ya ile karatasi ya saba kwa kumi. Deo akaangalia, akatabasamu, kisha akauliza kwa upole tu.

"Mwalimu, shemeji alishapata leseni ya kuwinda?"

Nikamuuliza ya nini, yeye hawindi hata mende.

Akanieleza. Mpwa wake yuko hapa kwa visa ya mwanafunzi. Alienda range na wenzake, akajaza fomu kwa ukweli, kaunta wakamrudisha. Wakamwambia mgeni mwenye visa ya muda haruhusiwi kisheria kushika bunduki wala risasi, hata ya kukodi, hata kwa nusu saa, isipokuwa ana leseni ya kuwinda. Inanunuliwa kirahisi tu dukani. Mpwa akainunua, akarudi, wakamruhusu.

"Kwani shemeji hawakumuuliza?" Deo akasema. "Kuna swali kwenye ile tablet."

Wakuu, nilikuwa natafuna. Nikaacha kutafuna.

Kuna swali. Nikaliona kichwani vizuri kabisa, kama liko mbele yangu. Wewe ni nani: raia, mkazi wa kudumu, au mwingine. Sanduku la kwanza ni raia. Ndilo ninalobonyezaga mimi. Ndilo kidole kilibonyeza.

Nilimwandikia mke wangu kuwa ni raia wa Marekani, nikampa aweke sahihi.

Siku hiyo sikumbuki nilifungaje shift. Nilipofika nyumbani Mumbua alikuwa darasani. Nikatoa faili letu la green card, nakala ya fomu tuliyopeleka. Nikapekua ule mlolongo wa maswali ambao unajibu hapana, hapana, hapana mpaka unasahau unajibu nini. Nikalikuta. Je, umewahi kudai kwa uongo kuwa raia wa Marekani, kwa maandishi au kwa njia yoyote?

Tulijibu hapana. Siku tuliyoijaza ilikuwa kweli.

Kwenye interview wanayarudia yale maswali, na unajibu chini ya kiapo. Na kwa nilivyosoma huko mitandaoni jioni ile, hili la kudai uraia wanalichukulia vibaya kuliko makosa mengi makubwa. Watu wanafungiwa mlango moja kwa moja. Hata uwe na ndoa ya kweli, hata uwe mtu safi.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo ninapowaambia aibu yangu yenyewe.

Wazo la kwanza lililonijia halikuwa kumwambia. Lilikuwa hili: yeye hajui. Hakusoma. Akiulizwa atajibu hapana, na atakuwa anasema ukweli anaoujua yeye. Mimi nikinyamaza, yeye si mwongo. Nikimwambia, namweka kwenye kiti cha kiapo na jambo hili mdomoni.

Nikajiambia nanyamaza kwa ajili yake. Nilijiambia hivyo siku tisa.

Siku tisa ni nyingi. Jumamosi ikaja, ametoka na vifunika masikio vyake vya kijani mkononi. Nikasema range wanafanya ukarabati. Jumamosi nyingine nikasema mgongo unauma. Akaniangalia mgongo, kisha usoni. Usiku namwona anasoma vitabu vyake na mimi niko macho nahesabu wiki. Chakula hakipiti.

Siku ya kumi nikafanya ujinga wa pili. Nilienda range peke yangu baada ya kazi, nikamwomba yule kaka wa ndevu nyekundu aifute fomu ya mke wangu.

Akasema kufuta hawafuti, wanatunza zote. Anachoweza ni kuingiza ombi la marekebisho. Akaniuliza linalorekebishwa ni nini. Nikamwambia, kwa sauti ya chini, swali la uraia. Akaacha kuandika, akaniangalia. Akauliza kama mke wangu amekuwa akipiga shabaha hapa. Nikasema mara tatu. Hakunigombeza. Alisema tu asirudi mpaka jambo hili liwe sawa, akaandika alichoandika.

Nikaendesha kurudi nyumbani nikijipongeza kwamba nimeanza kusafisha.

Nilichosahau ni kwamba kwenye ile fomu niliweka email yake.

Nimefungua mlango, Mumbua amekaa mezani, simu iko mbele yake, ametoka clinical, mafunzo ya hospitalini, bado yuko na scrubs, zile sare za unesi. Hajawasha TV. Hajapika.

"Soma," akasema.

Ilikuwa mistari minne. Ombi lako la kurekebisha hali ya uraia kutoka "raia" limepokelewa.

Nikasoma. Nikasoma tena, nikitafuta pa kujificha ndani ya mistari minne.

"Niliandika mimi ni citizen?" akauliza.

"Nilikuandikia mimi."

"Lini?"

"Siku ya kwanza. Kwenye foleni."

"Na umejua kutoka lini?"

Hilo ndilo swali nililoliogopa kuliko lile la uhamiaji. Nikamwambia siku kumi.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Akanyanyuka, akaenda kwenye friji, akabandua ile karatasi yake taratibu ili isichanike, akaikunja, akaiweka kwenye kabati la juu pamoja na sufuria tusizotumia.

Kisha akasema akiwa amenipa mgongo. "Miaka minne nimekaa hii nchi. Sijawahi pata hata parking ticket. Nikivuka barabara naangalia mara mbili, nikifikiria visa yangu. Na nilikuwa nasoma hiyo form. Nilikuwa nasoma, ukaninyang'anya."

Nikaanza kusema foleni ilikuwa ndefu.

Akageuka. "Wewe ndio uliniambia kidole kisiguse kitu kabla sijaona kilicho mbele yangu. Wewe."



Nikamwambia na lile wazo langu la kunyamaza, lote. Nilifikiri kwa kuwa nimeshachafuka, bora nimalize. Akasikiliza, akasema kitu ambacho kimebaki na mimi. "So ulikuwa umeamua mimi niende mbele ya huyo officer nikiwa sijui maisha yangu mwenyewe."

Akalala sebuleni siku hiyo. Asubuhi akaniambia amepata wakili, Stafford, kule Houston. Mama Mkenya ambaye binamu yake anamwamini. Ijumaa saa saba.

Kutoka Grand Prairie mpaka Stafford ni kama saa nne. Mumbua aliendesha mwenyewe njia nzima. Nilijaribu kufungua mazungumzo mara mbili, mara moja kuhusu petroli na mara moja kuhusu mvua. Akanijibu "sawa" zote mbili.

Mama wakili alitusikiliza bila kukunja uso, anaandika kwa mkono. Akamuuliza Mumbua, ulisoma kabla ya sahihi? Mistari miwili, akajibu. Akanigeukia mimi.

"Baba, nani alijaza?"

"Mimi."

"Utaandika hivyo na kula kiapo?"

Nikasema ndiyo.

"Usijibu haraka," akasema. "Wewe ni raia, lakini ulimlipia mtu asiyeruhusiwa akashika silaha. Likiandikwa linaweza kukugusa na wewe. Mimi ni wakili wake. Kabla hujatia sahihi, tafuta wako."

Mumbua alikuwa anaangalia mikono yake. Sikumwona akinitazama, ila nilijua anangoja.

Nikauliza kama kuna njia ya yeye kupita bila kusema. Nawaambia ukweli, niliuliza. Mama wakili akaweka kalamu chini.

"Sasa hivi kuna kosa lililofanywa na mume mwenye haraka," akasema. "Akiapa akijua, akajibu hapana na kunyamaza, hilo litakuwa lake mwenyewe, na hapo sitaweza kumsaidia. Yeye na wewe mmeshajua. Hakuna tena asiyejua."

Nilipata wakili wangu wiki ileile, huku Dallas. Akanieleza hatari zangu kwa mpangilio, akasema uamuzi ni wangu. Niliandika maelezo yangu ukurasa mmoja na nusu. Kwamba nilijaza mimi tablet ya mke wangu, nikampa aweke sahihi bila kusoma. Kwamba nilijua tangu mwanzo visa yake ni ya mwanafunzi. Nikayasoma mara tano kabla ya kutia sahihi, na ndiyo karatasi ya kwanza niliyoisoma hivyo tangu nije Marekani.

Siku ya interview mama wakili alikuja kutoka Houston. Tuliingia wote watatu. Afisa alikuwa mama wa makamo, sauti ya kawaida tu, kikombe cha kahawa mezani. Tukainua mikono tukaapa.

Akatupitisha kwenye ndoa yetu, tulikutana wapi, nani anapika. Hapo hata tulicheka kidogo. Kisha akafungua ule mlolongo. Umewahi kukamatwa? No. Umewahi hiki? No. Umewahi kile? No.

Nilikuwa nahesabu maswali.

Akalifikia. Akalisoma kwa haraka kama mengine, kalamu ikiwa tayari juu ya "No".

Mumbua akasema, "Kuna kitu nataka kurekebisha kabla sijajibu hilo."

Kalamu ikasimama.

Akaeleza. Kwa Kiingereza chake kilichonyooka, bila kulia, bila kunilaumu. Range, tablet, sahihi, mara tatu, email. Mama wakili akasogeza maelezo yangu na nakala ya fomu ya range. Afisa akasoma yote.

Akamuuliza swali moja tu. Kwa nini uliweka sahihi kitu ambacho hujasoma?

Mumbua akajibu, "Because I trusted my husband."

Hakusema kwa hasira. Alijibu tu kama mtu anayetaja anuani yake. Nilikuwa nimekaa hatua moja kutoka kwake, na nikatamani kiti kinimeze.

Afisa akaniangalia mimi, akauliza kama maelezo haya ni yangu na kama niliyaandika kwa hiari. Nikasema ni yangu. Akaandika sana. Akasema uamuzi utakuja kwa barua, akatuaga.

Tukangoja wiki kumi na moja.

Sitawasimulia wiki hizo zote. Mumbua alirudi chumbani wiki ya pili. Tulikuwa tunaongea, lakini kwa adabu, kama wageni waliopangishwa nyumba moja. Nilikuwa nakimbilia sanduku la posta kabla yake, kisha nikaacha, maana niliona namnyang'anya tena. Nikawa namsubiri aende yeye.

Siku ilipokuja, alirudi na bahasha akaifungua akiwa amesimama jikoni. Akasoma yote, mpaka maandishi madogo ya nyuma. Mimi niko mlangoni, siulizi.

Kisha akakaa chini sakafuni na scrubs zake na kuanza kulia. Nikadhani imekwisha. Nikakaa pembeni yake, nikasema tutarudi wote Machakos, nitalima.

"Utalima nini wewe," akasema, akanipa barua.

Wamekubali. Kadi ilikuwa njiani.

Wakuu, mwanaume mzima nililia kwenye vigae vya jikoni Grand Prairie, sufuria ya maji ikiungua juu ya jiko.

Kadi ilipofika alikaa nayo wiki tatu bila kusema lolote kuhusu shabaha. Jumamosi moja asubuhi naona ametoka na vifunika masikio vya kijani. "Twende," akasema.

Kaunta alikuwa yule yule wa ndevu nyekundu. Akampa tablet, fomu mpya. Kulikuwa na foleni, kama kawaida ya Jumamosi.

Mumbua akaanza kusoma kuanzia juu. Mstari wa kwanza. Wa pili.

Watu nyuma wakaanza kusogea sogea. Jamaa mmoja akakohoa. Mikono yangu niliitia mfukoni, yote miwili, nikaangalia dari.

Alipofika lile swali, akanigeuzia tablet nione. Akabonyeza mwenyewe sanduku la pili, mkazi wa kudumu, kwa kidole chake. Akaendelea mpaka chini, akaweka sahihi.

Kisha akalipia lane moja, ya mtu mmoja.

Nilibaki nje ya kioo na kumwangalia. Alisimama vilevile, akaweka kidole nje muda mrefu, akapiga. Kumi kwa kumi hazikuwa, msije mkasema ni hadithi. Zilikuwa sita. Akaikunja karatasi akaja nayo, na kwenye friji ziko mbili sasa.

Nilichojifunza ni kidogo, na kimenigharimu. Kumpenda mtu si kumwondolea kazi ya kusoma maisha yake. Na mwenye visa ya muda anayetaka kushika silaha, hata ya mchezo, aulize wakili kwanza. Mimi sio wakili, wala msinichukue kama ushauri. Hata wakili wetu alisema wazi kwamba ya kwetu yangeweza kwenda kinyume kabisa.

Kanisani bado wananiletea bahasha. Najaza, lakini nasoma kila swali kwa sauti na mwenye fomu anajibu mwenyewe. Inachukua muda mrefu na watu wamepungua. Deo hajapungua.

Karibuni mchangie. Ninyi mnaowajazia wake zenu, waume zenu, wazazi wenu, fomu ya mwisho mliwasomea? Na wale mtakaonitukana, mna haki, nimeketi.

Huu uzi Mumbua ameusoma wote kabla sijaupandisha, mstari kwa mstari, kwa dakika ishirini na kitu. Amefuta sentensi mbili. Sijamuuliza kwa nini, na post amebonyeza yeye.